Fimbo si Mbinu ya Kufundishia

Mwanachuo wa ualimu anaporipoti shule ya mazoezi, ushauri wa kwanza anaopewa ofisini hauhusu andalio la somo wala zana. Anaambiwa aanze na fimbo. Awachape wiki ya kwanza wamjue, kufundisha kutafuata. Anayesita huambiwa kwa upole kabisa: "Mwalimu, hawa watoto bila kiboko hawaendi. Wewe kaa, utaona." Nami niliambiwa hivyo, na watu ninaowaheshimu, walioshika chaki kabla sijazaliwa. Nimekaa, nimeona. Nimefundisha hesabu kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata hadi mazoezi yakaisha, na niliyoyaona yananilazimu kuwapinga hadharani. Kwamba fimbo ya darasani haimfundishi mwanafunzi, wengine wameshasema. Kuna baya zaidi ambalo silisikii likisemwa: fimbo humnyima mwalimu nafasi ya kujua somo lake limefika wapi.

Niseme kwanza ni fimbo ipi. Oktoba 2016 nchi nzima ilitazama video ya walimu wa mazoezi, wanachuo kama mimi, wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya kutwa jijini Mbeya. Wahusika walifukuzwa vyuoni. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za wizi wa mkoba. Kila mwalimu mwenye utu alilaani. Lakini kulaani matukio hayo kumetupa kichaka cha kujifichia, kwa sababu baada ya kulaani tunarudi darasani tukisema wale walizidisha, sisi tunachapa kwa kiasi. Hoja yangu inaihusu hiyo fimbo ya kiasi. Viwili vya kiganjani kwa aliyekosa jibu. Kimoja kwa kila swali alilokosa kwenye jaribio. Vitatu kwa aliyeshindwa kusoma aya ya Kiingereza iliyo ubaoni. Fimbo hiyo haimpeleki mtoto hospitali, haiingii magazetini, na ndiyo inayotawala vipindi vyetu.

Fimbo hiyo haina hata kibali cha sheria. Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinaruhusu kiboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito linaloichafulia shule jina. Viboko havizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, ila kama shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu inaandikwa katika kitabu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Mimi ningependa viboko viondolewe kabisa shuleni, lakini tuanze na sheria ilivyo. Kukosa jibu la hesabu si utovu wa nidhamu, na hakuna mkuu wa shule atakayeandika kitabuni kwamba mtoto amechapwa kwa kushindwa kujumlisha sehemu. Ndiyo maana fimbo ya darasani haiandikwi popote. Walimu wakisema "tunachapa kwa mujibu wa sheria", wanaikopesha fimbo ya darasani heshima ambayo sheria iliipa fimbo nyingine, tena kwa masharti.

Sasa nieleze kwa nini naiona ni adui wa kufundisha. Nilikuwa nafundisha sehemu kidato cha kwanza. Nilishaeleza kiasi na asili, nilishafanya mifano ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS), kisha nikatoa zoezi fupi: ½ + ⅓. Nikapita kati ya madawati. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa ameandika 2/5, akalifunika daftari kwa mkono nilipokaribia. Nilimwuliza kwa Kiswahili amefikaje hapo. Alinyamaza, akaitazama mikono yangu yote miwili, akaona haina kitu. Ndipo akasema polepole: "Mwalimu, jaribio la kwanza nikipata moja kati ya mbili, la pili nikapata moja kati ya tatu, si jumla nimepata mbili kati ya tano?"

Tafadhali lisome tena jibu lake. Kwa alama za majaribio yuko sahihi kabisa, na ndivyo walimu wanavyojumlisha alama kila siku. Alichokosa ni jambo moja tu, kwamba ½ na ⅓ za kwenye zoezi ni sehemu za kitu kimoja kilekile, na hilo halikuwa wazi kwenye mifano ya ubaoni. Nilichana ukanda wa karatasi kwenye daftari langu, nikaukunja katikati, nikamwambia hii ni nusu. Nikamwuliza: mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo? Akafikiri. Ndogo. Basi umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukabaki na pungufu ya nusu? Aliutazama ule ukanda, akalifuta jibu mwenyewe, akaanza upya. Nikaenda ubaoni, nikaandika 2/5 bila jina la mtu, nikauliza nani mwingine amepata hivi. Mikono ikainuka, mmoja, miwili, kisha karibu safu nzima. Wote hao walikuwa na kosa lilelile na mimi nilikuwa sijui.

Mtoto yule angekuwa anatarajia viwili vya kiganjani kwa kila kosa, asingeniambia neno. Angechungulia kwa jirani, akaandika ⅚, nami ningempa vema kwa kalamu nyekundu. Jaribio la mwezi lingepita, na la muhula. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ambako jirani yuko mbali na msimamizi yuko karibu, 2/5 ingerudi. Hapo tungekaa ofisini kulalamika kwamba watoto wa siku hizi ni wazito.

Jibu lililokosewa ndiyo taarifa muhimu kuliko zote anazopata mwalimu. Jibu sahihi linaweza kuwa limekaririwa, limenakiliwa au limebahatishwa. Kosa huonyesha mtoto anavyofikiri na mahali alipopotea njia. Mwalimu anayeliadhibu kosa anawafundisha wanafunzi wake ufundi mmoja, nao wanaujua vizuri mno: kuficha. Wanajua kuinamisha kichwa wasiitwe. Wanajua kunakili haraka. Na wanajua kuitikia. Mwalimu akimaliza kueleza huuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima huitikia kwa sauti ndefu, "Ndiyooo mwalimu!" Mwalimu hufuta ubao, akaandika katika kisanduku cha tathmini kwenye andalio lake kwamba wanafunzi wengi wameelewa somo. Nimeyasoma maandalio mengi yenye sentensi hiyo. Fimbo ikiwa mezani, itikio lile linapima jambo moja tu, jinsi darasa linavyoogopa.

Lugha huuzidisha ubaya huu. Mtoto wa shule ya kata amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Anapokosa swali la jiografia, yawezekana hajui jiografia, au anaijua vizuri ila hakuelewa swali, au anajua vyote viwili na amekosa maneno ya kujibia. Ni matatizo matatu yanayohitaji tiba tatu mbalimbali. Fimbo inayatibu yote kwa kipimo kimoja, na mwalimu hatajua kamwe alikuwa na lipi mbele yake. Mpaka leo katika shule zetu kuna mtoto anayechapwa kwa kuongea Kiswahili uwanjani. Anafunzwa kwamba lugha anayofikiria ni kosa, halafu tunashangaa kwa nini hanyooshi mkono.

Wenzangu wana majibu yao, na naona ni haki kuyachukua moja moja.

La kwanza ni lile ambalo kila mtu mzima analo mdomoni: sisi tulichapwa, na tumefika. Anayelisema yuko ofisini, ana ajira na familia. Lakini waliokaa naye dawati moja wako wapi? Walioacha shule darasa la sita kwa kuogopa hesabu hawako ofisini kutoa ushahidi wao. Ushuhuda unaotolewa na waliofika peke yao hautuambii fimbo ilifanya nini kwa waliobaki njiani. Tuna hata kumbukumbu ya taifa zima kuhusu hilo. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Yalizua kilio, ikaundwa tume, matokeo yakapangwa upya. Hakuna aliyethubutu kusema watoto wale walifeli kwa kukosa viboko, maana viboko vilikuwapo tele. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walitajwa sana miongoni mwa waliowapiga. Kama fimbo ingekuwa inafaulisha, kizazi kile kingekuwa cha kwanza kufaulu.

La pili ni kwamba fimbo ni malezi yetu ya Kiafrika na mengine ni ya kuiga. Wazee wetu walichapa, sibishi. Lakini fimbo ya taasisi, inayotolewa kwa hesabu mbele ya mstari wa watu, tuliijua vizuri chini ya utawala wa Wajerumani, na wazee wa pwani walibaki na jina lake, hamsa ishirini, viboko 25 kwa kibarua au askari aliyekosea. Kwa upande mwingine, jando na unyago, pamoja na ugumu wake, vilikuwa na somo au kungwi anayemshika mwali mkono, nyimbo zenye mafumbo ya kufumbua, na mtu wa kuulizwa. Aliyetaka kurudi kwenye asili angeweza kuanzia hapo. Na Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Sijui mtu anayejengewa udadisi huku anaogopa kukosea.

La tatu hunijia kutoka kwa wanaofuatilia habari za jirani. Tazama Kenya, wanasema, waliondoa fimbo na sasa wanafunzi wanachoma mabweni. Tarehe hazikubaliani na hoja hiyo. Wasichana 19 walikufa katika ghasia za shule ya St. Kizito mwaka 1991, wakati fimbo ilikuwa halali kabisa katika shule za Kenya. Wasichana waliteketea kwenye bweni la shule ya Bombolulu mwaka 1998, fimbo ikiwa bado halali. Wavulana 67 waliungua katika shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, na ni mwaka huohuo fimbo ilipopigwa marufuku kisheria. Misiba hiyo ilitoka ndani ya shule za fimbo. Migomo na moto vimeendelea baada ya marufuku, ni kweli, na sababu zake wenyewe wanazijadili: msongamano wa mabweni, shinikizo la mitihani, wanafunzi wasiosikilizwa. Anayeutumia msiba wa Kenya kuitetea fimbo ya Tanzania aanze kwa kusoma historia ya msiba huo.

La nne ndilo gumu, na sitalipita haraka. Walimu wanasema: wewe uko kwenye mazoezi, una vipindi vichache. Sisi tuna darasa la wanafunzi mia, wakati kiwango cha Serikali ni 40 kwa sekondari na 45 kwa msingi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamefurika, na ni jambo jema wamefurika, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Utapita dawati kwa dawati kumwuliza kila mtoto amefikaje kwenye jibu? Na silabasi utaimaliza lini?

Wanasema kweli kuhusu mazingira. Nimefundisha mkondo ambao watoto wanne walibanana kwenye dawati la watu wawili na wengine wakaandikia magotini, na kipindi cha dakika 40 kilikuwa kinaliwa na kutafuta nafasi ya kupita. Lakini tazama fimbo inafanya nini katika darasa hilo. Inalinyamazisha. Darasa la watu mia lililonyamaza, kwa mtu anayepita nje, linafanana kabisa na darasa linalosoma. Mkaguzi ataliona limetulia. Diwani ataliona limetulia. Mzazi atafurahi kwamba shule ina nidhamu. Hakuna atakayedai walimu wa ziada wala vyumba vya ziada kwa darasa ambalo kwa macho halina shida. Kwa hiyo mwalimu anayechapa ili aimudu idadi ile anaifunika kero yake mwenyewe, tena kwa mkono wake, na anayelipia kifuniko hicho ni mtoto.

Na kuna mengi yanayowezekana hata na mia. Si lazima kuwafikia wote. Nilikusanya madaftari ya safu moja tu kwa siku, nikatafuta makosa yanayojirudia, nikayaandika ubaoni kesho yake bila majina, darasa likajadili kila kosa lilizaliwaje. Niliwaacha wafanye wawili wawili, mmoja akitatua na mwenzake akieleza kwa Kiswahili sababu ya kila hatua, kisha wote waandike kwa Kiingereza. Kulikuwa na kelele, na mwalimu wa darasa la jirani alikuja mlangoni kuuliza kama tuko salama. Nilibaki nyuma ya azimio la kazi kwa mada moja, na mkuu wa idara alinihoji kwa haki yake. Ila mada zilizofuata zilienda haraka, kwa sababu sehemu zilikuwa zimekaa sawa vichwani, na aljebra inasimama juu ya sehemu. Silabasi iliyomalizwa huku nusu ya darasa ikijumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, imemalizwa kwenye shajara ya somo tu.

Nami sidai kwamba kila mtoto ni malaika. Wapo wanaotoroka, wanaopigana, wanaowaonea wadogo. Hao wanahitaji hatua, na shule ina mwalimu wa malezi na unasihi, ina kamati ya nidhamu, ina wazazi wa kuitwa. Tatizo ni kwamba tumezoea kuwahukumu kwa mjeledi mmoja aliyevunja dirisha na aliyekosa kipeo cha pili, mpaka watoto wenyewe wamejua kwamba kutojua ni hatia.

Kuna siku moja ambayo kwangu inaumaliza ubishi huu. Ni siku ambayo msimamizi kutoka chuoni, au mthibiti ubora wa shule, anatarajiwa. Asubuhi hiyo fimbo hutoweka mezani na kwenye pembe za madarasa. Zinawekwa nyuma ya kabati, na vipindi vinafundishwa kwa makundi, kwa chati, kwa maswali ya hiari. Walimu walewale, watoto walewale mia, chumba kilekile, na kipindi kinaenda vizuri. Mwalimu hafichi chati wala rula kubwa ya ubaoni, kwa sababu hizo ni zana zake za kazi. Fimbo anaificha kwa sababu anajua si zana ya kazi, na kwa sababu anaweza kufundisha bila hiyo anapotaka.

Mtaala wetu wa sekondari umedai ujenzi wa umahiri tangu mwaka 2005, na ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, unaudai kwa nguvu zaidi. Umahiri haujengwi na mtoto anayeficha. Vyuo vinavyotutuma mazoezini vinatupa fomu ya tathmini yenye alama za sauti, mwandiko wa ubaoni, zana na hitimisho la somo. Viongeze kipengele kimoja: mwanachuo aeleze ni makosa gani wanafunzi wake walifanya na aliyatumiaje. Msimamizi aje bila taarifa, walau mara moja. Na wakuu wa shule, tafadhali fungueni kitabu cha adhabu mbele ya walimu wote na someni kanuni za 2002 kwa sauti, ili kila mmoja asikie nani ana ruhusa na kwa kosa gani.

Kwa mwanachuo mwenzangu atakayeripoti muhula ujao: utaambiwa uanze na fimbo. Kataa kwa heshima, na anayekuambia hivyo mwamkie shikamoo kama kawaida, maana ana mengine mengi ya kukufundisha. Kisha ingia darasani mikono mitupu, na mtoto wa kwanza akikosa, mwulize amefikaje hapo. Nchi haijakupa ruhusa ya kumchapa mtoto kwa kukosa jibu.